Kopo Lina Alama, Nyumba Haina

Tone la kwanza lilimpata Wangeci kwenye paji la uso, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akiwa amelala chali kwenye kitanda chake mwenyewe, ndani ya nyumba yake mwenyewe, chini ya dari aliyokuwa ameilipia yote hadi kona ya mwisho. Hakuamka kwa hofu, aliamka kwa hasira. Alilifuta lile tone kwa kidole, akalinusa, akaligusa kwa ncha ya ulimi, halafu akasema kwa sauti ingawa chumbani hamkuwa na mtu, "Haya ni maji safi ya mfereji. Sasa yanatafuta nini huku?"

Na alikuwa na haki ya kuuliza. Kama kuna mtu mmoja kati ya Thika na Ruiru aliyeyajua mambo ya kuvuja, ni Wangeci. Miaka ishirini na saba alifanya kazi katika kiwanda cha kutia mananasi makoponi kule Thika, na kazi yake ilikuwa kuyachokoza makopo. Hebu fikiria kazi hiyo! Makopo yanapita mbele yako yakiwa yameshazibwa, nawe unayagonga moja baada ya jingine kwa kijiti chembamba cha chuma. Kopo zima linajibu ting, kwa sauti kali. Kopo lenye tundu, hata tundu ambalo jicho halilioni, linajibu tap, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali ambalo hakulisoma. Hilo unalitoa, unalibana kwenye mashine, unalijaza upepo na kulizamisha majini. Mapovu yakipanda, kesi imekwisha.

Tena kila kopo lilipigwa alama chini: siku gani, zamu gani, mashine gani. Mtu angeweza kulifungua mwaka mzima baadaye kule Lodwar, akalikuta limeharibika, akasoma zile herufi kwa simu, na Thika wakajua mara moja lilizibwa wapi na nani alikuwa amesimama hapo. Wangeci aliipenda sana hiyo alama. "Hakuna kopo lisilo na mwenyewe," alizoea kuwaambia wasichana wapya.

Alipostaafu walimpa blanketi, keki na seti ya sufuria. Kile kijiti alijipa mwenyewe.

Maisha yake yote alikuwa amepanga vyumba viwili Makongeni, hapo Thika, akilea binti yake, Shiko, chini ya bati ambalo mvua ikinyesha mlikuwa hamsikizani. Mumewe alikufa mapema, akamwachia kipande cha shamba huko Murera. Wangeci alikiuza, akachanganya na pesa za kustaafu, akanunua fleti ya vyumba viwili vya kulala huko Gatongora, karibu na Ruiru, orofa ya pili, kwenye jengo jipya lililopakwa rangi ya maziwa. Alichotaka kilikuwa kitu kimoja tu, tena si kikubwa: kulala mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia ahame, na hakuna kitu cha kumwangukia usoni.

Sasa kitu kilikuwa kimemwangukia usoni.

Na hapa lazima lisemwe kosa lake, kwa sababu alilijua, na lilimuuma kuliko lile tone. Mtu huyu aliyegonga makopo hadi hesabu ikapotea alipokea nyumba bila kugonga hata tailisi moja ya sakafu.

Ilikuwa hivi. Meneja wa kampuni iliyojenga, kijana mmoja nadhifu aitwaye Gachanja, alimuuliza angependa kupewa funguo lini. Wangeci akasema Jumamosi, kwa sababu hiyo ndiyo siku akina mama wa kanisa lake wangeweza kuja kuiombea nyumba. "Sawa kabisa, mum," akasema Gachanja. "Tufanye yote siku moja." Jumamosi ikafika, na wanawake thelathini wakashuka kutoka Makongeni wakiwa na vitambaa vyeupe vichwani, hotpoti za chapati na kayamba. Mwenyekiti wao, Tabby, ana sauti ambayo ukiisikia unadhani imepitia spika. Walipaka kila mlango mafuta, hadi mlango wa kabati la jikoni. Gachanja alivua kofia, akafumba macho, akasema amina kuliko wote.

Kati ya wimbo wa pili na chakula, akatoa fomu.

"Hapa ni sahihi, mum. Na hapa kuna nafasi ya makosa, kama umeona kosa lolote. Lakini leo ni siku ya baraka. Si tuanze kuitafutia nyumba makosa mbele ya Mungu, ama?"

Wangeci aliangalia zile nyuso. Kuna mlango mmoja aliouona unakwama. Lakini ni nani angeandika "mlango unakwama" wakati wanawake thelathini ndio tu wamemaliza kumwambia Mungu asante kwa mlango huo huo? Ingekuwa kama kusimama harusini na kutangaza kwamba bibi harusi ana jino bovu. Akaandika "Hakuna", akatia sahihi, wakaimba tena.

Huo ulikuwa mwezi wa pili. Lile tone lilianguka mwezi wa saba.

Alimpigia Gachanja kabla hata hajanywa chai.

"Hiyo ni jirani wa juu, mathe," Gachanja akasema. Siku hizi hakuwa anamwita mum, alikuwa amemshusha cheo. "Wengine hawa hawajazoea fleti, wanaacha koki wazi. Panda umwambie."

Wangeci akapanda na viatu vya bafuni. Mlango ulifunguliwa na mwanamke aliyekuwa na futi ya kushonea shingoni na mtoto kiunoni. Alikuwa Perez, Mjaluo, fundi wa kushona sare za shule, na mtoto wake ni Eddie. Walikuwa wamepishana kwenye ngazi mara nyingi, wakasalimiana, basi.

"Ni wewe unaninyeshea?" Wangeci akauliza.

"Kukunyeshea? Mama, si kwanza uniulize habari ya asubuhi?"

"Habari ya asubuhi iko kwa mto wangu. Umelowa chapachapa."

"Mimi sijamwaga maji. Hata huyu sijamwosha bado, ona uso."

"Basi yametoka mbinguni. Sikiliza, huku kwetu watu wanajua kufunga koki."

Perez alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye vile viatu vya bafuni. Alimhamisha Eddie kutoka kiuno hiki hadi kile. "Huku kwenu," akasema. "Mimi nimenunua kama wewe, mama. Hii sakafu nimesimama ni yangu. Huku ni kwetu." Kisha akafunga mlango polepole sana, na afadhali angeubamiza.

Wangeci alishuka masikio yakimwaka. Alijua amesema neno baya. Lakini hasira ilikuwa bado imemkaa kooni, na mtu mwenye hasira kooni hana nafasi ya kumeza kitu kingine. Alisukuma kitanda hadi ukutani, akaweka beseni pale kilipokuwa. Siku nzima beseni likamhesabia: ti, ti, ti. Miaka ishirini na saba ya kusikiliza makopo, na sasa anasikiliza dari!

Alikaa siku mbili hivyo. Siku ya tatu mlango ukabishwa. Alikuwa Perez, na mara hii alikuwa amevaa viatu vya kutokea, kama mtu anayekuja kwa kesi.

"Nataka kuona hiyo taa yako," akasema.

"Taa gani?"

Perez akamwonyesha simu. Ulikuwa ujumbe wa Gachanja: *Madam, yule mathe wa chini alitoboa dari akiweka taa za urembo. Ndiye aliharibu bomba. Mwelewane na yeye.*

"Ati nini?" Wangeci akamshika mkono, akamvuta hadi chumbani. "Angalia! Angalia vizuri! Iko wapi hiyo taa ya urembo?"

Darini palikuwa na balbu moja, ile ile iliyokuja na nyumba, na kando yake doa la manjano lililotanuka kama sinia. Perez alilitazama. Akatazama beseni. Halafu akakaa kitandani bila kukaribishwa.

"Ukuta wangu wa bafu umeota ukungu tangu mwezi wa nne," akasema. "Nimempigia huyu mtu mara sita. Kila mara ananiambia ni wewe."

"Na mimi ananiambia ni wewe!"

"Kwa hivyo tupigane, yeye akae akitazama."

"Ngai! Na nikapanda! Nikapanda na viatu vya bafuni!"

Wangeci alizunguka chumba mara mbili, kisha akafungua kabati, akatoa kile kijiti cha chuma kilichofungwa kwenye leso.

"Mama Eddie," akasema, "Jumamosi uko nyumbani?"

Jumamosi walichemsha bitiruti sufuria nzima hadi maji yakawa mekundu kama damu ya ng'ombe. Waliziba tundu la bafu la Perez kwa matambara na mfuko, wakaimwaga ile rangi, wakaongeza maji hadi yakafika kwenye vifundo vya miguu. Chini, mahali pa beseni, Wangeci aliweka kikombe cheupe. Kama sakafu ya bafu ndiyo ilikuwa inapitisha, kikombe kingepata wekundu. Kisha wakakaa kungoja, Eddie naye akiwa na bitiruti hadi kwenye nyusi.

Kungoja kuna shida yake. Hamna la kufanya ila kutazamana.

"Mama Eddie," Wangeci akasema, "siku ile nilisema neno."

"Ulisema."

"Lilikuwa baya. Halikutoka mahali pazuri. Nisamehe."

"Lilikuwa baya, ndiyo." Perez hakusema si kitu, hakusema yameisha. Aliinua chupa, akamwongezea chai, akalisukuma bakuli la mandazi upande wake. Wangeci akachukua moja na kulila taratibu, kama mtu aliyepewa adhabu na kuona ni ya haki.

Saa saba wakaangalia. Maji ya kikombe yalikuwa meupe kabisa. Wakazibua tundu, bitiruti yote ikaenda na bomba la uchafu, wakangoja tena. Bado meupe. Kwa hivyo si bafu, wala si bomba la maji machafu. Ndipo Wangeci akafunga stopkoki, ile koki kuu inayoleta maji nyumbani kwa Perez, akashuka, akasimama chini ya doa, kichwa ameinamisha, kama zamani. Ti. Ti. Kimya kirefu. Ti. Kisha hakuna. Akampigia Perez simu afungue. Dakika kumi, na dari ikaanza kuhesabu tena.

"Ni bomba la maji safi," akasema aliporudi juu. "Liko ndani ya zege. Maji yakisukumwa, linavuja. Si wewe, si mimi, hata mtoto si yeye."

Akapiga magoti kwenye sakafu ya bafu, nguo imekunjwa hadi magotini, akaanza kugonga tailisi kwa kijiti. Tak. Tak. Tak. Karibu na ukuta, moja ikajibu kwa sauti ya tumbo tupu. Akairudia. Akairudia tena. "Lete chaki yako ya kushonea," akasema, na akachora msalaba hapo.

Jumatano walienda ofisini wote wawili, Ruiru mjini, ghorofani juu ya duka la simu. Walikuwa wamejipanga. Video ya bitiruti ilikuwa kwenye simu, picha ya ukungu, picha ya msalaba. Gachanja alizitazama zote akitikisa kichwa kwa huruma nyingi, kisha akafungua droo, akatoa fomu iliyokuwa kwenye karatasi ya plastiki, safi kama cheti cha ubatizo.

"Mathe, soma hapa. Mabomba yamejaribiwa kwa maji, hayavuji. Makosa: Hakuna. Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Na hii sahihi?"

"Yangu."

"Sasa? Kama kitu kilikuwa sawa siku ya kukipokea, kikiharibika baadaye hayo ni matumizi yenu. Na mkataba unasema miezi sita ya makosa ya ujenzi. Inaisha lini? Ijumaa. Mimi nawahurumia, lakini karatasi ndiyo hiyo."

"Bomba liko ndani ya zege! Nimelitumia vipi? Nimelitafuna?"

"Mathe, tuheshimiane."

"Mimi si mathe wako. Sikiliza, kijana. Kopo la nanasi, kopo ambalo mtu anakula mara moja anatupa, limepigwa alama chini. Likivuja, tunajua ni siku gani na mkono wa nani. Huwezi kuniambia kopo lina mwenyewe na nyumba haina! Nilikaa miaka ishirini na saba nikigonga bati ili mtu nisiyemjua asile kitu kilichooza. Wewe umenigongea nini?"

Gachanja alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Hapa hatuuzi mananasi," akasema, na akairudisha fomu kwenye droo. "Na kuna wateja wananingoja."

Ni kweli walikuwapo. Walipotoka walipishana mlangoni na msichana na mvulana walioshikana mikono, macho yanang'aa, kalamu mpya kwenye mfuko wa shati la mvulana.

Kwenye korido machozi yalimtoka Wangeci. Aliegemea ukuta. Perez alianza kutukana kwa Kijaluo, taratibu na kwa mpangilio mzuri. Wangeci akafanya jambo ambalo angelifanya hata kama nyumba ingekuwa inaungua. Alimpigia mwenyekiti wake.

"Mama Shiko, usinililie," Tabby akasema, na hata bila spika Perez alimsikia. "Ongea pole pole. Karatasi inasema nini?"

"Inasema mabomba yalijaribiwa kwa maji siku ile ya maombi. Na nikatia sahihi, Tabby. Mbele yenu wote."

"Kwa maji?"

"Kwa maji."

"Maji gani?"

Wangeci aliuacha ukuta, akasimama wima.

"Nakuuliza, maji gani? Si mimi nilipika chai siku hiyo? Nilifungua koki ya jikoni, ikakohoa kama mzee! Nyumba yote ilikuwa kavu. Si tulinunua maji ya mkokoteni, mitungi sita? Mgongo wangu mpaka leo! Na Shiko wako alikuwa hapo anachukua video, iko kwa grupu ya akina mama. Ngoja. Usikate."

Video ilifika kabla machozi hayajakauka. Wangeci na Perez waliitazama vichwa vimegusana. Huyo hapo Tabby, kitambaa cheupe, anafungua koki. Koki inakohoa, inatema upepo, basi. Nyuma wanawake wanaimba. "Kwani hakuna maji hapa?" Tabby anauliza. Na anayejibu, mdomo umejaa chapati yake Tabby, ni Gachanja mwenyewe: "Bado, mum. Maji itaunganishwa wiki ijayo."

Wangeci alijipangusa uso kwa leso, akasukuma mlango wa ofisi bila kubisha.

Yule msichana alikuwa tayari ameshika kalamu, fomu mbele yake. Wangeci aliweka simu juu ya hiyo fomu, akaongeza sauti hadi mwisho, akabonyeza. Ofisi ikajaa kayamba, kikohozi cha koki, na ile sauti yenye chapati: *Maji itaunganishwa wiki ijayo.*

"Zima hiyo simu tuongee," Gachanja akasema.

"Haizimwi. Wimbo ni mzuri."

"Mum, tafadhali."

"Leo nimerudi kuwa mum? Nieleze, ulijaribu mabomba kwa maji gani? Ulitema mate?"

Yule msichana, ambaye jina lake lilikuwa Nzisa na ambaye hakuwa na haja yoyote ya kuingilia, aliiweka kalamu chini. "Samahani," akamuuliza Gachanja, "hii yetu, maji yapo?"

Gachanja alinyoosha mkono kuiondoa simu juu ya fomu.

"Nimeuliza tu. Hapa tunasaini kwamba mabomba yamejaribiwa. Maji yapo?"

"Itaunganishwa," Gachanja akasema, akajisikia mwenyewe, na masikio yake yakabadilika rangi.

Nzisa alimtazama mwenzake. Mwenzake alirudisha kalamu mfukoni.

Barua iliandikwa siku hiyo hiyo, ikagongwa muhuri, kwamba kampuni itafungua sakafu, itatengeneza bomba, ukuta wa Perez na dari ya Wangeci. Kulipia godoro la Wangeci, lililolowa asubuhi ile, Gachanja alikataa katakata, na hadi leo ukimtajia Wangeci godoro, keti chini kabisa, kwa sababu hutatoka haraka.

Ijumaa, siku ya mwisho ya ile miezi sita, fundi alifika na nyundo na patasi. Aliitwa Barasa, mtu wa maneno machache. Aliuangalia msalaba wa chaki, akamwangalia Wangeci, akavunja hapo hapo. Chini ya tailisi, chini ya simiti, mabomba mawili ya plastiki yalikuwa yameingiliana na maji yakitoka kwenye maungio kama machozi ya mtu anayejizuia. Barasa alifunga stopkoki, akavuta kwa vidole viwili tu. Yakaachana.

"Hii haikuchomwa," akasema. "Bomba hii unachoma na mashine mpaka inayeyuka, inashikana inakuwa kitu moja. Hii ilisukumwa tu, wakafunika."

"Nani alisukuma?" Wangeci akauliza.

"Ah, mama. Tulikuwa mafundi wengi, wa kutwa. Leo huyu, kesho mwingine. Hakuna mtu anaandika."

Wangeci alikuwa amevumilia doa, beseni, mathe na mananasi, lakini neno hilo lilimshinda. Hakuna mtu anaandika! Watu wanauza mashamba ya marehemu, wanaingia humu na watoto wao, na aliyeunga bomba lililo juu ya vichwa vyao hana jina! Alimgeukia Gachanja, aliyekuwa amesimama mlangoni akichunga viatu vyake visichafuke, na akamweleza hayo yote kwa Kiswahili na kwa Kikuyu, hadi Eddie akatoka kuja kuona ni nani amefika.

Barasa alilichoma bomba jipya wote wakiwa wamemsimamia. Alipolainisha simiti, Wangeci akampa msumari.

"Andika jina lako hapo. Na tarehe. Na lake yule."

Fundi alisita, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza. Aliandika taratibu, kwa herufi kubwa: BARASA. Tarehe. GACHANJA.

"Si itafunikwa na tailisi?" Gachanja akasema. "Nani ataona?"

"Mwenye kuvunja ataona. Alama ya kopo pia iko chini, haiko usoni."

Wiki iliyofuata, dari ikiwa imepakwa rangi nyeupe isiyofanana na nyeupe ya zamani, Wangeci aliwaita akina mama tena. Gachanja alisikia, na akaja. Alikuja na kofia ya kuvua, na fomu mpya: *Kazi imekamilika, mteja ameridhika.* Alingoja hadi chai ikaiva na vitambaa vyote vyeupe vikakaa, kisha akainuka, akaweka uso wake wa amina.

"Akina mama mko hapa, Mungu ametenda. Tuombe, mum atie sahihi, tule."

"Tutaomba," Wangeci akasema. "Koki kwanza."

Tabby alikuwa amengojea neno hilo tu. "Mmesikia? Wewe jikoni! Nyinyi wawili bafuni! Wengine pandeni juu kwa Mama Eddie, fungueni kila kitu kinachofunguka! Wambui, choo! Usinitazame hivyo, choo pia ni bomba!" Na wanawake thelathini wakatawanyika kwenye fleti mbili, wakafungua, wakafunga, wakavuta maji, wakainama chini ya sinki na tochi za simu, wakiulizana kwa sauti kutoka sakafu hadi sakafu. Mmoja aligundua mlango unaokwama. "Andika!" ikasemwa kutoka pande nne. Perez ndiye aliyekuwa na kalamu. Wangeci alipanda na kijiti chake, akagonga tailisi mpya. Tak. Akaigonga iliyo kando yake. Tak. Sauti moja.

Hapo ndipo walipoomba, na aliyeongoza ni Perez, kwa ufupi, kwa sababu chai ilikuwa inapoa.

Baadaye Gachanja alinyoosha kalamu. Wangeci alipokea fomu, akaisoma mstari kwa mstari hadi mwisho, akaikunja mara mbili na kuiweka kwenye droo ya kabati.

"Mum? Si umesikia mwenyewe iko sawa?"

"Nimesikia. Kule kwetu kiwandani, hata kopo lililojibu vizuri linakaa ghalani wiki mbili kabla halijaruhusiwa kwenda dukani. Fomu yako imeingia ghalani."

Tangu siku hiyo Gachanja anampigia kila asubuhi. Wangeci anapokea kwa upole kabisa, anamuuliza habari ya nyumbani, anamwacha angoje kwenye simu huku yeye akienda chumbani kuinua kile kikombe cheupe kutoka mahali pake chini ya dari. Anakitazama ndani. Anapitisha kidole.

"Kikavu," anamwambia. "Zimebaki siku nne."